Mabomba ya AC yatoka jasho

Swali: Nyumba yetu ya mawe Kibokoni ni kuukuu. Mabomba ya AC yamevikwa sponji, ila maji yanachirizika ukutani na chokaa inabanduka. Kwa nini?

Jibu: Kagua maungio ya sponji kwanza. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu; ikipenya mwanya mdogo tu hadi kwenye bomba baridi la shaba, unyevu wake hugeuka maji, na sponji iliyolowa haizuii tena baridi. Ivue yote, usiongeze nyingine juu. Kausha mabomba, uvike kila moja peke yake (hata lile jembamba, nalo huwa baridi) sponji ya mpira ya milimita 19. Gundisha maungio bila kuivuta, maana ikinywea huachana. Sehemu ya nje zungushia tepu ya alumini. Jua huipasua sponji.