Maswali ya Wasomaji: Taa za Tahadhari, Ving'ora na Redio Kwenye Magari

SWALI: Kituo chetu cha afya kimepata Land Cruiser hardtop iliyotumika, HZJ78 ya volti 12, nasi tunataka iwe gari la wagonjwa. Tuna taa ndefu ya LED ya juu ya paa, king'ora cha wati 100, taa za ndani na soketi ya mashine ya kufyonza. Fundi wa hapa anasema waya mmoja wa 4 mm² kutoka kwenye betri utalisha vyote. Ni kweli? (Dereva, Singida)

JIBU: Hautoshi, na hesabu yake ni fupi. Andikeni kila kifaa kinakula ampea ngapi kwa mujibu wa kibandiko chake. Kwa vifaa vya aina hiyo tarajieni karibu A 8 kwa taa ya paa, A 10 kwa king'ora, A 3 kwa taa za ndani na A 8 kwa mashine. Jumla A 29, tuseme 30. Kutoka betri hadi chumba cha mgonjwa, kwa njia ambayo waya utapita kweli, ni kama mita 5. Kwenda na kurudi mita 10. Zidisheni 0.0175, yaani ukinzani wa shaba, kwa mita 10 kwa ampea 30: mnapata 5.25. Gawanyeni kwa unene wa waya. Kwa 4 mm² mnapoteza volti 1.31 njiani. Kwa 10 mm² mnapoteza 0.53. Kwa 16 mm² ni 0.33.

Kwenye waya mkuu hatupendi kupoteza zaidi ya volti 0.4, kwa hiyo nunueni 16 mm², na uwe ule laini wa nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uti mgumu hukatika kwa mtikisiko wa barabara za vumbi. Taa ya LED huvumilia upungufu wa volti, itawaka tu, ndiyo maana watu hudhani kazi imekwisha salama. Siku injini imezimwa na betri iko kwenye 12.3 ndipo king'ora kinapoanza kukwaruza na mashine ya kufyonza inazunguka kivivu huku mgonjwa anaisubiri.

Fyuzi kuu iwe ya A 50, ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha betri. Kazi yake ni kulinda waya. Kile kipande cha kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi: kikisuguliwa hadi shaba ikagusa bodi, betri itamwaga nguvu zake zote hapo, na hakuna swichi ya kuuzima huo moto. Tumeona magari ambayo fyuzi kuu imefungwa chini ya dashibodi, mita 2 kutoka betri. Hiyo ni sawa na kutofunga kabisa.

Waya mkuu ukifika nyuma uingie kwenye kisanduku cha fyuzi, kisha kila kifaa kipate tawi lake. Taa ya paa: fyuzi ya A 10 (nyekundu), waya wa 2.5 mm². King'ora: A 15 (bluu), 2.5 mm². Taa za ndani: A 5, 1.5 mm². Soketi ya mashine ipeni A 15, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka.

Taa ya paa iwashwe kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), umeme wake usipitie kwenye swichi ya dashibodi. Namba ziko chini ya rilei: 30 inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, 85 inakwenda ethi, yaani bodi ya gari iliyoungwa na kichwa hasi cha betri. Koili (waya uliozungushwa ndani ya rilei) hula kama A 0.15 tu, kwa hiyo waya wa 0.75 mm² unatosha hadi kwenye swichi. Kati ya 85 na 86 wekeni dayodi 1N4007 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake ukiwa upande wa 86. Swichi inapozimwa koili hurusha volti nyingi kinyumenyume, na bila dayodi volti hizo huishia kwenye swichi na vifaa vya jirani. Kama rilei imekuja na dayodi ndani, msigeuze 85 na 86, maana itakuwa shoti moja kwa moja. King'ora chenye kisanduku chake cha vitufe kwa kawaida hakihitaji rilei.

Sasa ethi, ambako ndiko kazi nyingi huharibikia. Msiifunge kwenye skrubu ya karibu juu ya rangi. Kwangueni rangi kwa msasa hadi chuma king'ae eneo la sarafu ya shilingi 200, wekeni lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya), juu yake washa yenye meno, bolti ya M8, kazeni, halafu ndipo mpake grisi au rangi juu ili kutu isiingie. Bolti ya mkanda wa kiti msiiguse hata ikiwa karibu kiasi gani. Mkimaliza, washeni kila kitu, wekeni multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye kichwa hasi cha betri, mwekundu kwenye ethi ya taa. Ikisoma chini ya 0.2 ni nzuri. Ikisoma 0.8, rudini kukwangua.

Tundu la kupitisha waya kutoka kwenye injini lazima liwe na mpira wa kingo. Bati lililotobolewa ni kali, na mtikisiko wa miezi michache hukata ganda la waya. Kabla ya kuanza kazi yote hiyo fungueni kichwa hasi cha betri kwanza, na mkirudisha kiwe cha mwisho: mkianza na chanya, spana ikigusa bodi mnapata cheche mkononi.

SWALI: Shikamooni mafundi. Gari letu la mradi likilala Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki. Betri ni mpya, ya ampea-saa 70 (Ah 70). Ndani kuna inveta ya kubadili umeme wa betri kuwa wa nyumbani, chaja za simu na kifaa cha kufuatilia gari. (Msaidizi wa usafirishaji, Kilifi)

JIBU: Marahaba. Tunaishuku inveta. Hata ikiwa haijachomekwa kitu, inveta iliyoachwa imewashwa inaweza kula A 0.6. Kuanzia saa 12 jioni Ijumaa hadi saa 12 asubuhi Jumatatu ni saa 60: zidisha, unapata Ah 36, yaani zaidi ya nusu ya betri. Injini ya dizeli haitawaka na iliyobaki, hasa kama betri haikuwa imejaa siku hiyo ya Ijumaa.

Thibitisha kwa kupima. Liache gari kama linavyolala Ijumaa, toa ufunguo, fungua kichwa hasi cha betri, weka multimita kwenye tundu la 10A na uiunge kati ya kichwa cha betri na waya wake. Usithubutu kupiga stata ikiwa hivyo, utaunguza fyuzi ya multimita. Bonyeza kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa, kisha subiri dakika 30, maana kompyuta za gari huchelewa kulala. Usomaji wa mA 30 hadi 50 (A 0.03 hadi 0.05) ni wa kawaida. Ukiona mA 600 (A 0.6), chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke; ulipochomoa ndipo penye mwizi.

Dawa yake ni kuifungia inveta na chaja rilei inayotawaliwa na ufunguo, zizimike gari likizimwa. Kifaa cha kufuatilia kiache kwenye umeme wa kudumu, hiyo ndiyo kazi yake. Kama mnalazimika kutumia inveta injini ikiwa imezimwa, fungeni betri ya pili na rilei inayohisi volti, ile inayounganisha betri alteneta ikifika volti 13.3 na kuziachanisha zikishuka hadi 12.8. Hapo betri ya kuwashia gari haitaguswa.

SWALI: Nikiwasha kimulimuli cha LED, redio ya VHF inajaa mkwaruzo na siwasikii wenzangu. Nikizima, inasafika. (Askari wa hifadhi, Mara)

JIBU: Chomoa waya wa antena nyuma ya redio huku kimulimuli kikiwaka. Mkwaruzo ukiisha, kelele inaingia kwa antena. Ukibaki, inaingia kwa waya wa umeme. Na katika jaribio hili usibonyeze kitufe cha kuongea, redio isirushe bila antena.

Ikiwa ni antena, isogeze mbali na kimulimuli, mita 1 kama paa linaruhusu. Antena ya robo wimbi kwa 150 MHz ina urefu wa kama sentimita 50 na inataka bati tupu pande zote; iliyobanwa kwenye reli ya mizigo inasikia vibaya hata bila kimulimuli. Kisha zungusha waya wa kimulimuli mara 3 au 4 ndani ya pete ya feraiti (ile nyeusi inayozuia kelele za umeme), karibu kabisa na taa. Ikiwa ni umeme, iondoe redio kwenye kisanduku cha fyuzi cha pamoja, ipe waya wake kutoka betri na fyuzi yake, na usiufunge bando moja na waya wa taa. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Baadhi ya vimulimuli vya bei ya chini havina kichujio chochote ndani, na hapo pete za feraiti hazitasaidia sana. Badilisha taa.

SWALI: Kusokota waya na kupiga tepu kuna ubaya gani? (Fundi kijana, Nakuru)

JIBU: Joto la injini huyeyusha gundi ya tepu, maji yanaingia, shaba inageuka kijani. Tumia viungio vya kubana kwa koleo lake (si plaisi), kisha mpira unaosinyaa kwa joto. Vuta kwa nguvu. Kikichomoka, afadhali kichomoke gereji. Lehemu nayo ina tatizo lake: nyuzi huwa ngumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko hukatia hapohapo.

SWALI: Lori letu la kuvuta magari ni Isuzu la volti 24. Kimulimuli ni cha volti 12. Nichukue kwenye betri moja kati ya zile mbili? (Mmiliki wa gereji, Mombasa)

JIBU: Usichukue. Alteneta huchaji betri zote mbili kwa mkondo uleule, lakini wewe unakula kwenye moja. Hiyo itabaki na njaa, na mwenzake itajazwa kupita kiasi hadi ichemke. Mwishowe utanunua mbili. Soma kwanza kibandiko cha kimulimuli: vingi vya LED vimeandikwa 10–30V, na hivyo hufungwa moja kwa moja kwenye volti 24. Kama ni cha 12 pekee, nunua kipunguza volti, kile ambacho madukani huitwa ridyusa. Kimulimuli cha A 3 kipe ridyusa ya A 10, weka fyuzi upande wa volti 24, na uifunge mahali penye hewa kwa sababu hupata moto.