Mtu Akihama Kampuni, Mizigo Isihame Naye

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Sisi daftari tulikuwa nazo tatu: ya kaunta, ya mhasibu kwenye Excel, na ile iliyo kichwani mwa Mzee, bosi wetu. Ofisi yetu ni ya kuklia mizigo, yaani kuwatolea wateja mizigo yao bandarini, hapa Moi Avenue, Mombasa, na swali la "huyu tushamfanyia kazi gani?" lilijibiwa kwa kumwita Mzee kutoka chumba cha pili. Tuliponunua mfumo wa kutunza rekodi za wateja, nilipewa mimi kazi ya kuingiza kila kitu. Nikaingiza, na nikaharibu.

Palikuwa na kijana aliyeshughulikia uagizaji katika kampuni moja ya vipuri vya magari. Siku moja akapiga simu: "Dada, mimi nimehama, nibadilishie kampuni." Alikuwa amechukuliwa na washindani wao. Nikafungua rekodi yake, nikafuta jina la kampuni ya zamani, nikaandika la mpya, nikarudi kwenye mahamri yangu kabla mbaazi hazijapoa.

Kumbe mizigo yote nilikuwa nimeifunga kwenye jina lake yeye, si kwenye kampuni. Alipohama, historia ya waajiri wake wa zamani ikaondoka naye. Mwisho wa mwezi karani akachapisha taarifa ya hesabu, akaituma anwani aliyoikuta, na kampuni mpya ikajisomea kila tulichowatoza wapinzani wake, kontena kwa kontena. Mwenye kampuni ya zamani alikuja mwenyewe. Akaketi, akaletewa kahawa, akaisogeza pembeni. "Mwanangu, siri ya duka langu imefikaje kule?" Mtu mzima wa Mombasa akisukuma kikombe cha kahawa, jua pameharibika.

Kosa langu halikuwa kubadilisha jina la kampuni. Kosa ni kwamba kule kufanya kazi mahali nilikuandika kama sifa ya mtu, sawa na jina lake, wakati ni jambo lenye mwanzo na mwisho. Sasa tuna jedwali la watu, jedwali la kampuni, na katikati yake jedwali la tatu ambalo kila mstari wake unasema: mtu huyu, kampuni hii, cheo hiki, tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani. Mtu akihama, simgusi yeye wala kampuni. Naufunga mstari wa zamani kwa tarehe, nafungua mpya. Mzigo umefungwa kwenye kampuni iliyouagiza, na mtu anaonekana tu kama aliyeushughulikia wakati ule.

Ukishalielewa hilo jedwali la katikati, mengine mengi yanafunguka. Wenzangu wa kazi hii wengi wanapenda kumtafuta mteja kwa namba ya kontena, kwa sababu inaonekana ya uhakika: herufi nne, tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba hukukosea kuandika. Lakini hiyo ni namba ya sanduku. Sanduku mara nyingi ni la kampuni ya meli, na linazunguka dunia. Leo linashuka Kilindini na tende za Ramadhani, mwakani linarudi na vigae vya mtu mwingine kabisa. Tena hati moja ya shehena, ile karatasi ya meli inayotaja mzigo na mwenyewe, yaweza kuwa na makontena matano, na kontena moja la mzigo wa mchanganyiko likawa na wenyewe sita. Kwa hiyo hapo pia tumeweka mstari wa katikati: hati hii, kontena hili. Mwenye mzigo unamfikia kupitia hati.

Majina nayo, pwani hii! Mohamed, Mohammed, Muhammad, na baba yake Ali, na babu yake Mohamed tena. Simu moja imeandikwa kwa kuanza na sifuri, kwingine kwa 254, na mfumo unaona wateja wawili. Amueni mtindo mmoja wa kuandika simu kabla hamjaingiza hata mteja mmoja. PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi wa Kenya, inasaidia kugundua waliorudiwa, na ukiona imeanza na P badala ya A unajua ni kampuni, si mtu binafsi. Lakini usiifanye ndiyo ufunguo wa kuunganishia, kwani mteja wako wa Kampala huenda hana. Acha mfumo utoe namba yake yenyewe, isiyo na maana yoyote, isiyobadilika.

Ukikuta rekodi mbili za mteja mmoja, hamisha kwanza mizigo na ankara zilizo chini ya ile unayoifuta, ndipo uifute. Mifumo mingine imepangwa hivi kwamba ukimfuta mzazi, yaani rekodi ya mteja, watoto, yaani mizigo na ankara zake, wanafutika naye kimyakimya. Angalia mpangilio huo, na uwe na nakala. Na kwa sisi wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe, kwa hiyo hili si la usafi wa ofisi peke yake.

Kuna moja ambalo mimi na Mzee bado tunavutana. Ndugu watatu, kampuni tatu, PIN tatu, simu moja ya duka. Yeye anataka wawe mteja mmoja, "maana anayelipa ni yule mkubwa." Mimi nimekataa kuwachanganya. Nimewaacha watatu, nikaongeza kiungo kinachoitwa mlipaji, kikielekea kwa kaka mkubwa, chenye tarehe ya kuanza. Ya mwisho nimeiacha wazi, kwa sababu nasikia yule mdogo ameanza kufungua akaunti yake benki.