Paris–Brest–Paris kwa baiskeli ya kulala: anza kujiandaa sasa kwa ajili ya 2027

Kwa wale wanaofikiria kwenda Paris–Brest–Paris, ile safari ndefu ya baiskeli kule Ufaransa, Agosti 2027 na wana ile baiskeli ya kulala, yaani ile unaegemea mgongo kwenye kiti na pedali ziko mbele yako, naandika hii mapema kwa sababu maandalizi yake ni ya sasa hivi, siyo ya mwezi mmoja kabla. Mi niliinyonga 2023 nikitokea huku Uholanzi ninakoishi, nchi ambayo baiskeli hizi zina wapenzi wengi na mafundi wanaozijua, na tangu hapo watu wananiuliza swali lile lile, eti si unakuwa umelala tu, utachokaje?

Utachoka. Baiskeli ya kulala haiondoi maumivu ya kilomita 1,200, inayahamisha. Mwenzako wa baiskeli ya kawaida anaumwa makalio, viganja vinakufa ganzi, shingo inagoma kuinuka, na wewe hayo yote unayakwepa, kweli kabisa, nilimaliza shingo iko poa na mikono iko poa. Ila unalipa kwenye nyayo, kwenye magoti, kwenye vilima na kwenye usingizi. Ukijiandaa kwa hayo manne utaifurahia sana hii safari.

Kwa asiyeifahamu, hii kitu ilianza 1891 kama mashindano ya kweli, Charles Terront akashinda, lakini siku hizi siyo mbio tena, hakuna zawadi ya mshindi, inaandaliwa na Audax Club Parisien kila baada ya miaka minne na kazi yako ni kutoka Rambouillet nje ya Paris, kufika Brest kule baharini na kurudi Rambouillet ndani ya masaa 90 (kuna pia makundi ya masaa 80 na 84). Hayo masaa ni pamoja na kula, kulala, kugonga muhuri kwenye kadi yako kwenye vituo vya njiani, kila kitu. Na huwezi kujiandikisha tu ukaenda, lazima mwaka huo huo umalize safari za kufuzu za kilomita 200, 300, 400 na 600, ile ya 600 unapewa masaa 40. Halafu 2023 waliokuwa na safari ndefu zaidi mwaka uliotangulia ndo walifunguliwa mlango wa kujiandikisha kwanza, kwa hiyo usiuache 2026 upite bure.

Nachowapendea hawa waandaaji ni kwamba wanatukubali. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa hata mwendeshaji wa daraja la juu, alipanda baiskeli ya kulala iliyotengenezwa na Charles Mochet akavunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, kilomita 45 na kidogo, na mwaka uliofuata shirikisho la baiskeli la dunia likazipiga marufuku kwenye mashindano yake. Mpaka leo hazijaruhusiwa huko. Lakini Paris–Brest–Paris tunaanza kwenye kundi letu la baiskeli maalum, sisi, tandem za watu wawili, za magurudumu matatu, na zile zenye bodi zinazofanana na risasi, na watu wa pembeni ya barabara wanatushangilia kama wengine wote.

Sasa nyayo. Miguu ikiwa juu, damu inafika kwa shida kwenye vidole, na kila mzunguko unakandamiza sehemu ile ile, kwa hiyo baada ya masaa kadhaa unasikia ganzi, halafu moto kama umekanyaga makaa, na ukishafika hapo kupumzika dakika tano hakusaidii. Dawa yake ni ya kabla: kile chuma cha kiatu kinachong'ang'ania pedali kirudishe nyuma kuelekea kisigino mpaka pale fundi anaposema inatosha, nunua viatu vipana na namba moja zaidi maana mguu unavimba usiku wa pili, legeza kamba kabla hujasikia chochote, na ukiwa kwenye mteremko chezesha vidole ndani ya kiatu. Kwenye kituo tembea. Usikae tu kwenye benchi kwa sababu mgongo wako hauhitaji benchi, miguu ndo inahitaji kusimama.

Magoti ni jambo zito zaidi kwa sababu goti likiharibika safari imeisha. Huwezi kusimama kwenye pedali, uzito wa mwili haukusaidii, na kile kiti nyuma yako kinakupa ukuta wa kusukumia kwa hiyo ni rahisi sana kusukuma gia nzito kwa nguvu ambayo goti haliwezi kuibeba siku nne. Nyonga gia nyepesi, miguu izunguke haraka, mizunguko 80 au 90 kwa dakika. Mimi nilibadilisha mikono ya pedali nikaweka mifupi ya milimita 155 badala ya 170 na magoti yalinishukuru. Urefu kutoka kiti mpaka pedali nao unataka umakini, milimita tano tu zinaleta maumivu, ukishapata sehemu yako piga alama ya rangi au utepe wa gundi kwenye bomba la mbele ili hata likitelezea unajua pa kurudi.

Na vilima vyenyewe, jamani. Bretagne, ule mkoa wa magharibi ilipo Brest, haina milima ya kutisha lakini haina tambarare pia, ni kupanda na kushuka mwanzo mwisho, ukijumlisha yote ni zaidi ya mita 11,000 za kupanda. Mlimani watakupita. Hata watu ambao unawazidi nguvu watakupita, halafu mteremko ukianza unawapita wewe kwa kasi huku hata hunyongi, kwa hiyo kukaa kwenye kundi moja na baiskeli za kawaida ni kazi ngumu, na wao kujificha upepo nyuma yako hawapati kitu kwa vile uko chini. Kubali kwenda mwendo wako. Usifukuzie mtu mlimani hata siku moja, muda wako uko kwenye mteremko, kwenye upepo wa mbele na kwenye sehemu za tambarare. Ila weka gia ndogo kabisa nyuma, ya kukuwezesha kupanda kwa kilomita sita au saba kwa saa bila kuyumba, na hiyo kutoyumba ifanyie mazoezi, pamoja na kuanza kuondoka ukiwa umesimama katikati ya mlima. Sisi Waholanzi wa kuhamia tunaenda Limburg ya kusini na Ardennes kule Ubelgiji, ulipo wewe tafuta kilima chochote ukirudie mpaka ukichoke. Na kama umetoka kwenye baiskeli ya kawaida, toa miezi kadhaa kabla hujajipima, misuli inayofanya kazi siyo ile ile.

Usingizi ndo unanitia wasiwasi kuliko vyote ninapomshauri mtu. Kundi la masaa 90 linaondoka Jumapili jioni kwa hiyo usiku wa kwanza wengi hawalali kabisa, na wewe umeegemea, kichwa kimekaa kwenye mto wake, kila kitu kinakubembeleza. Aliyekaa kwenye siti nyembamba anaamshwa na maumivu, wewe huna kitu cha kukuamsha. Macho yakianza kujifunga simama hapo hapo, toka barabarani kabisa, weka alamu lala dakika kumi na tano au ishirini. Kwenye vituo kama Loudéac na Carhaix kuna kumbi zenye magodoro, unalipa kidogo, unaandikisha saa, wanakuja kukuamsha. Mi nashauri ulale vizuri usiku wa pili, angalau masaa matatu, hata kama moyo unakwambia endelea. Kahawa nyumba nyingi za njiani wanaitoa bure, watu wanaweka meza mlangoni na maji, keki, wengine wanakesha kwa ajili yenu, simama umsalimie mtu, mazungumzo ya dakika tano yanaamsha kuliko kahawa yenyewe.

Vitu vidogo haraka haraka. Tairi la mbele na la nyuma mara nyingi ni saizi tofauti kwa hiyo beba tyubu za aina zote mbili. Mnyororo wetu ni mrefu karibu mara tatu ya kawaida, beba viungo vya kuungia na kifaa cha kukatia. Maji weka kwenye mfuko wa mrija nyuma ya kiti. Mvua na jua vinakupata usoni moja kwa moja, chukua miwani safi na kofia yenye ukingo wa mbele, paka mafuta ya jua mbele ya mapaja na magoti. Kula kidogo kidogo, maana ukishiba sana halafu ukaegemea chakula kinapanda. Usiku kizibao cha kung'aa ni lazima kwa kila mtu, lakini wewe uko chini kwenye siti kinafunikwa na kiti, kwa hiyo taa ya nyuma iwe nzuri na karatasi za kung'aa zibandike nyuma ya kiti.

Wakati wa kurudi, ukishaondoka Mortagne-au-Perche na vile vilima vya Perche vikakuachia, barabara inanyooka kuelekea Dreux, na hapo ndo sehemu yetu. Fika hapo ukiwa na magoti mazima na umelala usiku uliotangulia, jaza maji, shusha kichwa kwenye mto, ongeza gia moja moja.