Simu ipokee, kompyuta ihesabu

Swali la juma: Je, simu janja imefika mahali pa kuiondoa kompyuta ya mezani kazini?

Haijafika, na kwa kazi yangu sioni ikifika karibuni. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa huku Mbozi, Tanzania. Ila mngeuliza kama kompyuta peke yake inatosha, hapo pia ningekataa.

Msimu ukifunguka, wakulima huleta kahawa mbivu jioni, nayo inatakiwa kumenywa siku hiyohiyo kabla haijaanza kuchacha. Foleni ndefu, karani ana mzani mbele na simu mkononi. Anajaza namba ya mkulima na kilo, anapiga picha stakabadhi, anamwita anayefuata. Mtandao ukikata, jedwali la Google lililoandaliwa kutumika nje ya mtandao linatunza alichoandika na kukipeleka simu ikishika mnara. Asubuhi kilo za vituo vyote ninazo mezani. (Picha ya stakabadhi itumwe kama dokumenti jamani, ikibanwa 3 na 8 hazitofautiani.)

Kazi yangu inaanzia hapo. Takriban kilo tano za mbivu hutoa kilo moja ya kahawa ya maganda, yaani mbegu kavu ambazo bado zina ganda lake la ndani. Kituo kikienda mbali na uwiano huo, nataka kuona mapokezi upande huu na ghala upande ule, kwa pamoja. Kwenye simu unaona safu tatu. Ukisogeza, majina yamepotea. Na kidole kikiteleza juu ya fomula, malipo ya watu yanaharibika kimyakimya. Ndiyo maana seli za hesabu tumezifunga: wa simu anajaza tu.

Anayeona kutegemea kompyuta ni kurudi nyuma akumbuke Sensa ya 2022. Makarani walipita kaya kwa kaya na vishikwambi, lakini sidhani kuna aliyechambua taarifa za watu zaidi ya milioni 61 kwa kidole gumba.

Kinachotuchosha ni kurushiana mafaili kundini: “malipo mapya”, “malipo mapya kabisa”, “malipo ya mwisho 2”. Mwenyekiti kafungua hili, katibu lile, kikao kinageuka ubishi. Siku hizi natuma kiungo tu. Faili ni moja.

Umeme ukikatika, UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inanipa muda wa kuhifadhi na kuzima. Wajumbe wakiuliza salio, nawasomea kwenye simu. Malipo yanasubiri umeme urudi, hata wanune.