Kuruhusu michoro iliyo ndani ya kitabu chako itumike kwingine

Ndugu yangu wa Kirumba, umeeleza kwamba mchapishaji wa Dar es Salaam anaomba sura moja ya kitabu chako cha watoto kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria, pamoja na michoro yake, aiingize katika kitabu cha kiada. Na kwamba mkataba wako na mchoraji unamwachia yeye hakimiliki, wewe ukiruhusiwa kuitumia michoro katika kitabu hicho tu.

Maandishi ni yako, yatolee leseni. Michoro huwezi, kwa sababu ruhusa uliyopewa haina kipengele cha kuihamishia kwa mwingine, na hakuna awezaye kutoa haki asiyokuwa nayo, hata kama michoro hiyo imechapishwa ndani ya kitabu chako.

Mwandikie mchoraji kabla hujamjibu mchapishaji. Taja kila mchoro kwa ukurasa wake, kwa mfano ule wa mama anayeanika dagaa, idadi ya nakala, lugha, muda, nchi, kama kutakuwa na toleo la mtandaoni, na mgawanyo wa malipo, kisha upate saini yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda pia atambuliwe kama msanii, kwa hiyo saini yake iliyo pembeni mwa mchoro isikatwe, na mimi ningeliandika hilo wazi.

Akikataa, leseni yako iseme bayana kwamba inahusu maandishi pekee.