Tingatinga na fangasi wa mizizi

SWALI: Mwaka jana nilikodi tingatinga kusawazisha kipande cha shamba langu hapa Mbozi. Msimu huu mahindi ya kipande hicho yamedumaa na majani yana zambarau. Upande wa pili yamestawi, na mbolea ya DAP niliweka sawasawa. Jirani anasema nimeua fangasi wa mizizi. Ni kweli?

JIBU: Jirani hayuko mbali na ukweli, ila hukuwaua, uliwazoa. Fangasi hao, yaani mikoriza, huishi ndani ya mizizi na kutandaza nyuzi nyembamba sana zinazofuata kirutubisho cha fosforasi kule mzizi wenyewe usikofika. Mmea nao huwapa sukari. Wengi hukaa katika tabaka la juu la udongo, sentimita 20 hadi 30 hivi, na ndilo lililokwanguliwa.

Zambarau ni dalili ya njaa ya fosforasi. Baridi nayo huileta kwenye mahindi machanga, lakini ingekuwa baridi, shamba zima lingegeuka. Udongo mwekundu wa chini huing'ang'ania fosforasi, hivyo fosforasi ya DAP ipo ila mahindi hayaifikii. Ng'oa pia mmea mmoja utazame: mizizi ikiwa imepinda kwenda kando, udongo umeshindiliwa, na hilo ndilo la kuanza nalo. Fangasi wenyewe hawaonekani bila darubini, asikudanganye mtu.

Plau haina madhara makubwa hivyo. Hukata nyuzi, lakini vipande vya mizizi na vijimbegu vya fangasi hubaki, na mtandao hujengwa upya. Hasara humpata mche wa wiki za mwanzo, maana ndipo unapoihitaji sana fosforasi.

Kama lundo la udongo wa juu bado liko pembeni, lirudishe sasa. Kadiri linavyokaa bila mimea, fangasi wanapungua. Ongeza samadi iliyooza. Msimu ujao panda maharage au alizeti, ukipasua mistari tu kwa ripa, jembe linalochana udongo bila kuugeuza. Kabichi, sukuma wiki na mchicha visubiri, kwa kuwa haviwalishi fangasi hawa. Kuacha ardhi wazi ni vilevile. DAP maradufu sikushauri bila kupima udongo: fosforasi ikizidi, mmea huacha kuwakaribisha.

Na zile chupa za fangasi za madukani? Kabla hujatoa hela, chota madebe machache ya udongo upande uliostawi, mradi hauna mnyauko, utie kwenye mashimo ya kupandia. Fangasi wa hapo wameshaizoea ardhi yako.