Ulimi wa jaji: kwa wanaoanza usuluhishi wa ndoa na mirathi

Shauri langu la kwanza baada ya kustaafu ujaji liliniharibikia mikononi saa ya tatu ya kikao. Ndugu watano, nyumba moja, na wosia ambao wawili kati yao waliupinga wakidai marehemu hakuwa na akili timamu alipousaini. Wakili mmoja akaniuliza kwa adabu zote, "Mheshimiwa, wewe ungeamuaje?" Nikajibu. Miaka mingi nililipwa kujibu swali hilohilo, basi ulimi ukatangulia. Nikasema wosia ule ungesimama. Waliokuwa wakiupinga wakafunga mikoba yao. Waliokuwa wakiutetea, ambao dakika kumi kabla walikuwa tayari kumegea wenzao sehemu, wakajinyoosha vitini na hawakutoa tena chochote. Hakuna aliyefoka. Wote walinishukuru, kisha wakaenda mahakamani.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii, hasa mnaotoka kwenye kiti kama nilichotoka mimi, kwa sababu kozi za usuluhishi zinafundisha vizuri hatua za kikao lakini hazifundishi kusahau. Jaji husikiliza ili ajue nani asadikiwe. Msuluhishi akisikiliza kwa sikio hilo, watu wanamtambua mara moja na kuanza kumletea ushahidi badala ya kuzungumza. Siku hizi nikiulizwa ningeamuaje, nami nauliza, faraghani na kila upande peke yake: wakili wako amekuambia una hatari gani ya kushindwa, na ukishinda, itakuwa baada ya miaka mingapi na rufani ngapi? Jibu likiwa la kujidanganya, naonyesha lile swali ambalo jaji yeyote atakayekaa pale atalitaka lijibiwe, nami naishia hapo. Wapo wenzangu wanaotoa maoni ya kisheria waziwazi na mashauri yao yanakwisha. Kwenye mikataba ya biashara nawaelewa. Kwenye familia, dada akishaambiwa na jaji kwamba haki ni yake, kila anachompa kaka yake baada ya hapo anakiona ameibiwa.

Jina la Mheshimiwa naliomba libaki nje ya mlango. Si unyenyekevu, nikiitwa hivyo, nami naanza kukaa hivyo. Na kabla ya kupokea shauri, kagua kumbukumbu zako: kama uliwahi kuamua kesi ya mali ileile au ya familia ileile, likatae.

Kazi kubwa ya mirathi hufanyika kabla ya kikao. Mgeni wa kazi hii hukimbilia kugawa kabla hajajua kinachogawiwa. Mimi siketi na warithi mpaka niwe na orodha moja ya mali na madeni ambayo wote wameiona, pamoja na tathmini ya nyumba au ardhi kutoka kwa mthamini waliyemkubali wote. Madeni ya marehemu, gharama za mazishi na kodi hutangulia. Warithi hugawana kinachobaki, na mara nyingi kinachobaki ni kidogo kuliko walichokuwa wakigombania. Uliza pia kuhusu bima, mafao ya uzeeni na akaunti za pamoja. Katika nchi nyingi fedha hizo humwendea mtu aliyeandikwa kwenye fomu au mwenye akaunti aliyebaki, bila kupitia mirathi. Nimeshuhudia asubuhi nzima ikiteketea watu wakigawana fedha ambazo hazikuwa zao kugawana.

Kisha uliza nani hayupo. Mkataba wa warithi wanne haumfungi wa tano ambaye hakuitwa, wala haumfungi mdai. Akiwapo mrithi mtoto, au mtu asiyeweza kujiamulia, lazima awepo wa kumwakilisha asiye na maslahi katika fungu lilelile, na kwa kawaida makubaliano hayo huhitaji idhini ya mahakama. Mama anayejiombea fungu lake na la mwanawe kwa pumzi moja anaweza kuwa mama mwema kabisa, na bado hafai kumsemea mtoto katika hilo. Tena kuna asiyehudhuria lakini ndiye mwamuzi: mume, mke, au mtoto mkubwa anayengojea simu. Namuuliza kila mmoja mapema, "Usiku utakapofika nyumbani, nani atakuuliza kwa nini umekubali?" Huyo anayetajwa, kama wengine hawapingi, ni bora awe karibu.

Mashauri ya ndoa yana jambo moja lisilosubiri. Kabla ya kuwakutanisha, zungumza na kila mmoja peke yake, na uulize bila kuzungukazunguka kama anamwogopa mwenzake, kama amewahi kupigwa, nani anashika fedha na simu. Usiulize hayo mbele ya mwenzake; jibu litakuwa hapana. Kukiwa na hofu, njia ipo: vyumba viwili, saa tofauti za kufika, na anayeogopa aondoke kwanza, dakika za kutosha kabla ya mwenzake. Wakati mwingine njia haipo na shauri ni la mahakama. Mtu anayekubali kila kitu haraka haraka, akitazama mlango, hajasuluhishwa. Hapa uzoefu wa ujaji ulinisaidia kweli: nilishaona mahakamani makubaliano mengi ya namna hiyo yakirudi na majeraha.

Kuhusu watoto, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kusikilizwa si kuchagua. Sijawahi kumuuliza mtoto anataka kuishi na nani, na nawasihi msiulize. Mwachieni mtaalamu wa watoto azungumze naye, kisha alete kwa wazazi yale ambayo mtoto mwenyewe ameruhusu yaletwe.

Vikao vya faragha vina mtego wake. Kabla sijatoka chumbani nauliza, "Katika haya, lipi nilipeleke kule na lipi libaki hapa?" na ninaandika safu mbili kwenye karatasi. Kichwa cha saa kumi jioni hakikumbuki siri ya saa nne asubuhi ilikuwa ya nani. Na ukikaa na upande mmoja saa nzima, upande wa pili unajitungia hadithi. Chungulia, waambie utachelewa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni vitu vidogo. Nimepata kuona nyumba ikimalizwa kwa dakika arobaini, kisha saa nne zikaishia kwenye saa ya mkononi isiyotembea. Ukiwa jaji unaagiza iuzwe, fedha zigawanywe. Hapo ilikuwa ndiyo kesi yenyewe: aliyeivaa saa ile ndiye aliyemuuguza baba, na hakuna ndugu aliyewahi kulisema hilo kwa sauti. Lilipotamkwa, saa ikapata mwenyewe bila kupigiwa kura. Kwa picha, nakala zinatosha. Kwa vingine, wachague kwa zamu, na zamu igeuke kila duru: wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu wa tatu, wa pili, wa kwanza. Wa mwisho asipopewa nafasi mbili mfululizo, atanung'unika, na atakuwa na haki. Wakiwa wawili tu, mmoja apange mafungu na mwenzake achague kwanza.

Hati ya makubaliano iandikwe na watu wakiwa bado jengoni. "Nyumba itauzwa kwa wakati mwafaka" ni kesi mpya iliyovaa nguo za suluhu. Andika nani anauza, kwa bei isiyopungua ipi, mpaka tarehe gani, nani analipa kodi na ada za uhamisho, nani anakaa humo kwa sasa na funguo ziko kwa nani, na itakuwaje benki ikikataa mkopo wa anayenunua. Mwenye wakili namwacha asaini usiku uleule. Asiye na wakili nampa siku kadhaa akashauriwe, ingawa najua baadhi watabadili nia. Wenzangu wananicheka kwa hilo, nimekubali kuchekwa.

Familia zilizotawanyika nchi mbalimbali hudhani hati ikisainiwa hapa itatekelezwa kokote. Mkataba wa Singapore kuhusu usuluhishi, ule wa kimataifa unaosaidia makubaliano ya usuluhishi kutekelezwa katika nchi nyingine, uliofunguliwa kusainiwa Agosti 2019 na kuanza kutumika Septemba 2020, umeyaacha nje waziwazi makubaliano ya kifamilia na ya mirathi. Kwa hiyo ulizeni mapema mali iko nchi gani, na muwe na wakili wa huko atakayesema hati igeuzwe amri ya mahakama ipi.

Ada yako iwe ileile wakipatana wasipatane. Ukilipwa kwa matokeo utaanza kuwasukuma bila kujijua. Shauri likishindikana, mahakama inapata mstari mmoja: hawakuafikiana. Jaji anayelipokea anaweza kuwa uliyeketi naye miaka ishirini, na mkikutana atauliza kwa mzaha nani alikuwa mkaidi. Mzungumzishe mengine.

Hati ikishasajiliwa, nachana karatasi za vikao vya faragha, zile zenye safu mbili. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Ujaji ulinizoesha kuandika kila neno kwa ajili ya majaji wa rufani, na hata leo, nikimaliza kuchana, hujikuta nakitazama kikapu kana kwamba kuna atakayekuja kukidai.